Beta dume na jike tangi moja: tupeane uzoefu

Habari za jioni wakuu. Naomba mliowahi kuwaweka pamoja dume na jike wa beta, wale samaki wa mapambo, mtupe visa vyenu. Naanza na changu. Jumamosi nilinunua jike mwekundu. Muuzaji akanihakikishia kwamba wanaopigana ni madume kwa madume tu. Nikamwachia ndani ya tangi la lita 20 la dume wangu wa bluu. Usiku dume alikuwa anamkimbiza, nikadhani anamtongoza. Asubuhi nimemkuta jike amejibana nyuma ya chujio, mkia umebaki vijiti vijiti, magamba ya ubavuni yametoka. Anapumua bado. Nimemhamishia kwenye ndoo. Roho inaniuma. Nifanyeje?

Mdau, Tanga
Pole sana mkuu. Maji ya bomba yaache yakae wazi siku nzima ndipo umbadilishie, kidogo kidogo kila siku. Kama uko pwani, tafuta mti wa mkungu, okota jani lililokauka na kuanguka lenyewe, lioshe, litie ndooni. Maji yatakuwa rangi ya chai, usiyamwage. Wangu wamepona hivyo. Funika ndoo maana beta huruka, ila acha nafasi ya hewa, huyu samaki hupanda juu kuvuta pumzi.

Mdau, Nairobi
Mimi huwakutanisha kwa ajili ya kuzalisha tu, na ni kwa saa, si kwa siku. Huku kwetu kuna baridi, kwa hiyo natumia hita, maji nyuzi 27 hivi. Jike namweka kwanza ndani ya chupa ya kioo katikati ya tangi la dume, siku mbili tatu, waonane bila kugusana. Naangalia mambo mawili. Dume ajenge kiota cha povu juu ya maji. Jike ajae tumbo na atoke mistari iliyosimama ubavuni. Akiwa na mistari ya kulala, huyo ana hofu, usimfungulie.

Siku ya kwanza kuona wakitaga sikutoka pale. Dume alijikunja akamzungushia jike mwili, wakatulia kama wamekufa, mayai meupe yakaanza kudondoka. Dume akashuka kuyadaka kwa mdomo, moja moja, akayapachika kwenye povu. Walipomaliza tu alimgeukia jike. Toa jike hapo hapo! Mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na mlezi ni dume.

Kwao Thailand wanamwita pla kat, yaani samaki anayeng'ata, na amezalishwa vizazi na vizazi kwa ajili ya mapigano. Kwenye majaruba ya mpunga aliyeshindwa hukimbia. Ndani ya lita 20 akimbilie wapi?

Mdau, Mwanza
Nisiwe mnafiki, wangu walikaa pamoja miezi minane. Tangi la lita 100, mimea imesongamana hata samaki huwaoni. Nikaamua kupunguza mimea ili tangi lipendeze. Siku ya tatu jike alikuwa amekufa. Kumbe ile mimea ndiyo iliyokuwa inamlinda. Sijarudia tena.

Mdau, Zanzibar
Nilitenganisha tangi kwa kioo. Dume akashinda anatanua mashavu kutwa nzima, hali chakula. Nilibandika karatasi kwenye kioo, kesho yake akala.

Mwenye mada
Asanteni sana. Nimeokota majani matatu ya mkungu karibu na shule ya mtaani kwetu. Leo siku ya tisa. Jike anakula viluwiluwi vya mbu, na pembeni mwa mkia kumeota utando mwembamba usio na rangi, unapitisha mwanga kama nailoni. Nimemnunulia tangi lake mwenyewe. Dada wa Zanzibar, matangi yamekaa ubavu kwa ubavu, karatasi nimeshabandika.