Samaki wa kwanza Kisumu: goldifishi, beta au gapi?

Mgeni_wa_Migosi
Wakuu, shikamooni. Nimetoka Tanga, niko Kisumu kwa mkataba wa kazi wa miaka miwili. Mwenye nyumba hataki mbwa wala paka, nami nyumba tupu inanichosha, hivyo nataka samaki. Sijawahi kufuga. Muuzaji mmoja ananisifia goldifishi ndani ya bakuli la duara, mwingine anasema beta, jirani anasema gapi. Nina nafasi ya tangi la lita 40. Umeme hukatika mara kwa mara, na mkataba ukiisha narudi nyumbani. Nichukue yupi?

Fundi_Tangi
Marahaba, karibu Kisumu. Anza na huo mkataba. Goldifishi akitunzwa vizuri huishi miaka 10 na zaidi, tena hukua kupita sentimita 15. Huyo mdogo unayeonyeshwa ni mtoto. Anakula sana, anachafua sana, na lita 40 zitamshinda kabla hujazoea njia ya sokoni Kibuye. Bakuli ndiyo usiliguse kabisa. Utakapofunga mizigo, yeye bado kijana, na hapo utamwachia nani?

Kwako naona beta. Huishi miaka 2 hadi 4, na lita 20 zinamtosha. Huvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo stima ikipotea hakosi pumzi upesi kama wengine. Ila dume na dume usiwaweke pamoja, watauana.

Dada_Nakuru
Kwa beta niongeze habari ya joto. Anataka nyuzi 24 hadi 28. Huku Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, bila hita analala chini, hali chakula, mapezi yamejikunja. Kisumu ni kama mita 1,130, umepata afadhali, lakini tangi dogo hupoa usiku. Nunua kipimajoto kabla ya samaki, ukisome alfajiri. Kipimo cha saa nane mchana hakikusaidii. Mimi nafuga goldifishi kwa sababu anavumilia baridi yetu, ila tangi langu ni kubwa.

Mwalimu_Kakamega
Mimi natetea gapi. Wanachangamsha nyumba, wako mbiombio siku nzima, na kwa mtu anayeishi peke yake hilo ni jambo. Chukua madume tu. Jike mmoja aliyekwisha pandwa huhifadhi mbegu na kuzaa kila mwezi hivi, hata bila dume karibu, na utashindwa pa kuwaweka. Usiwape maji matupu ya mvua kutoka kwenye mabati. Gapi wanapenda maji yenye madini.

Mgeni_wa_Migosi
Asanteni. Maji ya bomba je? Na nikirudi Tanga, naweza kumwachilia ziwani?

Fundi_Tangi
Maji ya bomba yana klorini, na inachoma mashavu ya samaki. Ukiyaacha wazi ndooni siku nzima, klorini ya kawaida hutoka. Dawa ya matone ni salama zaidi, kwa sababu kuna aina ya klorini isiyotoka kwa kungoja.

Lakini kinachowaua wengi ni haraka. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria fulani huigeuza nitriti, nayo sumu, kisha wengine huigeuza nitrati, ambayo haina ukali huo. Tangi jipya halina bakteria hao. Weka maji, chujio la sponji na pampu ya hewa, tia chembe za chakula kila siku bila samaki, ngoja wiki 4 hadi 6. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la mtu lenye samaki wazima, muda hupungua. Baadaye badilisha robo ya maji kila wiki, na sponji uikamulie kwenye maji uliyotoa tangini. Ukiiosha bombani, bakteria wanakufa.

Kijana_wa_Dunga
Ziwani hapana, tafadhali sana. Mbuta, yule mnayemwita sangara, alipandikizwa humu Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi mno za fulu, samaki wadogo wa asili wa humu, zimepotea. Gugumaji nalo lilikuja kama mgeni, leo linafunga mitumbwi. Samaki wa tangi anaweza kubeba ugonjwa usiojulikana humu. Ukitaka kuwaona samaki wa Nyanza, nenda makumbusho ya Kisumu, wana matangi. Kuvusha samaki hai mpakani Isebania ni habari ya vibali, kwa hiyo tafuta wa kumrithi mapema, mwezi kabla ya safari.

Mgeni_wa_Migosi
Nimeelewa. Ni beta, na tangi linaanza tupu. Nikienda likizo ya wiki moja?

Dada_Nakuru
Beta mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki bila kula. Ukimwachia jirani kopo zima atamlisha kwa huruma, na maji yataoza. Ukiona lazima, mfungie vipimo kwenye karatasi, kimoja kwa kila siku mbili, kopo ulifiche.