Kuomba nafasi ya uzamili au uzamivu katika idara ya Kiingereza: kamati huangalia nini?

Mhitimu wa Fasihi

Ndugu wanataaluma, nawasalimu kwa heshima. Nimehitimu shahada ya kwanza ya Kiingereza, upande wa fasihi, na ninakusudia kuomba nafasi ya masomo ya juu katika msimu ujao wa udahili. Tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho ilihusu barua katika riwaya za Kiingereza za karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19: jinsi wahusika wanavyoandikiana, wanavyoficha barua, wanavyokataa kuzipokea, na hasa suala ambalo wahakiki niliowasoma walilipitia juu juu, yaani nani alizilipia barua hizo. Kabla ya mageuzi ya posta ya mwaka 1840 nchini Uingereza, kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipa, na gharama ilitegemea umbali na idadi ya karatasi. Kwa hiyo kumwandikia mtu barua ndefu kulikuwa ni kumtoza fedha pia, na nadhani jambo hilo linabadilisha namna tunavyopaswa kuyasoma matukio mengi.

Ninachoshindwa kuamua ni kama niombe uzamivu moja kwa moja au nipitie kwanza uzamili, kwa kuwa naona idara nyingi za Marekani huwapokea wenye shahada ya kwanza katika programu ya uzamivu, ilhali zile za Uingereza kwa kawaida hutaka mtu awe na uzamili. Zaidi ya hayo, sampuli ya maandishi inayotakiwa ni ya kurasa 15 hadi 20, nayo tasnifu yangu imevuka kurasa 60, wala sioni pa kukata bila kuivunja hoja. Ningependa pia kujua mtihani wa GRE, yaani ule mtihani sanifu wa udahili wa masomo ya juu unaotumika hasa Marekani, una uzito gani siku hizi. Nitashukuru kupata ushauri wa aliyepita njia hii, au wa aliyewahi kukaa upande wa wanaochagua.

Mhadhiri wa Fasihi

Ndugu yangu, nimekaa katika kamati ya udahili ya idara ya Kiingereza kwa misimu kadhaa, kwa hiyo nitakujibu kutokana na niliyoyaona huko. Kila mwanakamati ana namna yake ya kusoma faili, lakini tunapofikia hatua ya kubishana, ubishi huwa juu ya sampuli ya maandishi. Alama nzuri zinakuzuia tu usiondolewe mapema. Hata idara kubwa huchukua watu wachache kila mwaka, pengine chini ya 15, na waombaji ni wengi mno, kwa hiyo faili lisilo na mtu wa kulitetea haliendi mbali hata kama halina kasoro yoyote. Mwanakamati hulitetea faili kwa sababu amekutana na ukurasa uliomfundisha kitu, naye anataka wenzake wausome.

Ndiyo maana nakusihi usiifupishe tasnifu yako. Ukizibana kurasa 60 ziwe 20 utapata muhtasari, na muhtasari hauonyeshi jinsi unavyosoma matini. Chukua sura moja, ndani ya sura hiyo chukua hoja moja, kisha uiandike upya kama makala inayojitegemea. Kwa mada yako, mimi ningeanza na tukio moja la barua katika riwaya moja na kulifuata hatua kwa hatua: barua imefika, ada inadaiwa, mhusika anasita, yumo nani chumbani anayekuona kusita huko, na msimulizi ananyamazia nini. Kurasa 4 au 5 za uchambuzi wa karibu kiasi hicho zitakufaa kuliko kurasa nyingi za kueleza nadharia za watu wengine. Baada ya hapo ndipo ulete historia ya posta, maana msomaji atakuwa tayari anaihitaji.

Kuna kipengele ambacho sijui kama umekigusa. Waandishi wa barua wa zama hizo wakijaza ukurasa walikuwa na desturi ya kuugeuza na kuendelea kuandika juu ya maandishi yaleyale, mistari mipya ikiikata ya kwanza, ili barua isizidi karatasi moja na mpokeaji asitozwe zaidi. Mwanahistoria wa posta atakuambia hilo lilikuwa suala la gharama. Wewe uliyesomea fasihi una nafasi ya kuuliza jinsi msomaji anayehangaika kuzitenganisha sentensi zilizopandana anavyoisoma barua, na riwaya inapata nini inapoichapa barua hiyohiyo ikiwa safi na iliyonyooka. Ukiwa na swali la aina hiyo ndani ya sampuli, nina hakika atapatikana wa kukutetea.

Juu ya ukurasa wa kwanza weka sentensi mbili au tatu zinazoeleza kwamba sampuli imetokana na kazi ndefu zaidi na kwamba umeiandika upya. Hakuna atakayekushushia thamani kwa hilo.

Kuhusu GRE, mtihani maalumu wa fasihi ya Kiingereza ulisitishwa mwaka 2021, kwa hiyo ukikutana na ushauri wa zamani unaokuhimiza kukariri historia nzima ya fasihi kwa ajili yake, uupite. Mtihani wa jumla nao umeondolewa na idara nyingi za Kiingereza, ingawa si zote. Soma maelekezo ya idara yenyewe pamoja na yale ya chuo, kwa sababu mara nyingine hayalingani. Yakigongana, mwandikie mratibu wa masomo ya juu wa idara na uhifadhi jibu lake. TOEFL na IELTS, mitihani ya kupima umahiri wa Kiingereza, ni suala tofauti: matokeo yake huhesabiwa kuwa halali kwa miaka 2, na vyuo kadhaa humsamehe mwombaji aliyesoma shahada ya kwanza kwa Kiingereza, mradi chuo chake kithibitishe hivyo kwa maandishi.

Kati ya uzamili na uzamivu, kwa upande wa Marekani ningekushauri uombe uzamivu. Huko ndiko fedha zilikoelekezwa: kwa kawaida ada hufutwa, mwanafunzi hupewa posho, naye hufundisha, mara nyingi madarasa ya uandishi ya mwaka wa kwanza. Uzamili unaojitegemea aghalabu mwanafunzi huulipia mwenyewe, japokuwa zipo idara zinazowapa wanafunzi wa uzamili kazi ya kufundisha, na hizo zinastahili kutafutwa. Usiogope kwamba hujui vya kutosha. Miaka 2 au 3 ya mwanzo ya uzamivu ni ya kozi na maandalizi ya mitihani, na baadhi ya idara zitakutaka pia uonyeshe kwamba unaweza kusoma lugha moja au mbili zaidi ya Kiingereza.

Mtafiti wa Uzamivu, Uingereza

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu nguvu ya sampuli, lakini kwa Uingereza mambo yamepangwa vingine, na mwombaji anayetumia faili lilelile kwa nchi zote mbili hujinyima nafasi. Uzamivu wa hapa ni wa miaka 3 hadi 4, na kwa kawaida hauna kozi. Unaanza kuandika tangu mwanzo, na tasnifu huwa ya maneno 80,000 hadi 100,000. Kwa hiyo kamati haitafuti mtu mwenye kipaji atakayepata mada baadaye. Inatafuta pendekezo la utafiti linaloweza kukamilika, na msimamizi aliye tayari kulisimamia. Uzamili wa mwaka 1 ndio mahali ambapo watu wengi hulijenga pendekezo hilo, na tasnifu yake fupi mara nyingi hugeuka kuwa sura ya kwanza ya uzamivu.

Pendekezo lako litaje nyaraka utakazozisoma na zilipo. Kusema kwamba utatumia kumbukumbu za posta hakutoshi. Makumbusho ya Posta yaliyoko London hutunza kumbukumbu za Royal Mail, shirika la posta la Uingereza. Pitia orodha zao kwenye intaneti, uone ni viwango vipi vya ada na malalamiko yapi ya wateja yanayohusu miaka ya riwaya zako, kisha ueleze utayasoma kwa lengo gani. Msomaji wa pendekezo akiona hivyo anajua umeshaanza kazi.

Kabla ya kuomba, mwandikie unayetaka awe msimamizi. Barua pepe iwe fupi: swali lako kwa sentensi mbili au tatu, kazi yake uliyoisoma na inapokutana na swali hilo, na ombi la kujua kama anapokea wanafunzi wapya mwaka huo. Ambatisha pendekezo la ukurasa mmoja. Asipojibu baada ya wiki tatu, mkumbushe mara moja kwa upole, kisha mwandikie mwingine.

Jambo la mwisho linaniuma kwa sababu nimeona wenzangu wazuri wakiumia nalo: tarehe ya mwisho ya udahili na tarehe ya mwisho ya ufadhili si lazima ziwe moja. Ufadhili mara nyingi hufungwa mapema zaidi, na una fomu zake. Mtu anaweza kupata nafasi iliyo halali kabisa asiwe na senti ya kuitumia.

Mhitimu wa Fasihi

Mwalimu, na wewe ndugu Mtafiti, nawashukuru sana. Desturi ya kukingamisha mistari niliitaja katika tanbihi tu, na sasa naona ilistahili kuwa kiini cha sampuli.

Naomba msaada katika mambo mawili zaidi. Rasimu ya maelezo yangu ya kusudi, yaani insha fupi ya kueleza ninataka kutafiti nini na kwa nini naomba, inaanza hivi: «Tangu utotoni nimependa kusoma, na fasihi ya Kiingereza imenifungulia ulimwengu mpya.» Nahisi haisemi kitu, lakini kila mfano nilioupata unaanza kwa namna hiyo. La pili ni barua za mapendekezo. Yupo profesa mwenye jina kubwa ambaye nilihudhuria mihadhara yake nikiwa miongoni mwa wanafunzi wengi, na yupo mhadhiri kijana aliyeisimamia tasnifu yangu na kusoma kila rasimu. Je, nimtangulize yupi?

Mhadhiri wa Fasihi

Mhadhiri kijana, bila kusita. Barua ya profesa asiyekufahamu itasema ulihudhuria, ulikuwa na bidii na ulipata alama fulani, na hayo kamati imeshayaona katika nakala ya matokeo. Aliyesoma rasimu zako ataweza kueleza ulivyoitupa sura ya pili na kuianza upya baada ya kugundua kwamba ushahidi hauungi mkono dai lako, au jambo lolote la namna hiyo lililotokea kweli. Kwa kawaida barua huwa tatu. Tafuta wengine wawili waliosoma insha zako ndefu. Waombe miezi miwili kabla, uwape sampuli, rasimu ya maelezo, wasifu wako na orodha ya tarehe za mwisho kwa mpangilio. Fomu za Marekani zitakuuliza kama unaiachilia haki yako ya kuzisoma barua hizo. Wengi huiachilia, na kamati huziamini zaidi barua ambazo mwombaji hakuziona.

Kuhusu maelezo ya kusudi, hisia yako ni sahihi. Kila mwombaji anapenda kusoma, hivyo sentensi hiyo haimtofautishi na yeyote. Anza na kile ulichokwisha kutuandikia hapa: «Katika riwaya ninazozichunguza, kuipokea barua ni kukubali deni. Nauliza mhusika asiye na fedha yake mwenyewe, kwa mfano binti anayemtegemea baba, anapokeaje barua ambayo mtu mwingine lazima ailipie, na siri yake inabaki kuwa yake kwa kiasi gani.» Kwa sentensi hizo mbili tu nimeshajua kipindi chako, aina ya matini, swali, na kwa nini swali lina uzito. Aya zinazofuata zieleze umefikaje kwenye swali hilo, unataka kujifunza nini ili ulijibu vizuri, na kwa nini idara hii. Kurasa 2 zinatosha.

Sehemu ya «kwa nini idara hii» ndiyo wengi huiharibu kwa kuorodhesha majina ya walimu watano. Taja wawili, useme kazi zao zinakusaidia au zinakupinga wapi. Mwalimu anayesoma faili hutambua mara moja kama umesoma makala yake au umesoma kichwa chake tu.

Mhitimu wa Uzamivu

Naomba niongeze la fedha, maana halijasemwa vya kutosha. Vyuo vingi vya Marekani hutoza ada ya maombi kwa kila ombi, na vingi vina utaratibu wa kuisamehe, lakini ombi la msamaha hutakiwa kabla hujawasilisha fomu, pengine wiki kadhaa kabla. Liulizie mapema. Maombi yenyewe mara nyingi hufungwa kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari, majibu mengi huja Februari na Machi, na vyuo vilivyotia saini azimio la Baraza la Vyuo vya Uzamili la Marekani (Council of Graduate Schools) havitakulazimisha kuamua kuhusu ufadhili kabla ya Aprili 15. Ukibanwa ujibu mapema, unayo haki ya kuitaja tarehe hiyo kwa adabu.

Nalisema na hili kwa kuwa nakutakia mema: tangu mwaka 2008 matangazo ya nafasi za kudumu za kufundisha Kiingereza katika vyuo vya Marekani yamepungua sana, na uzamivu wenye ufadhili hafifu ni mzigo utakaoubeba kwa miaka. Swali lako ni zuri na ningependa kukisoma kitabu kitakachotokana nalo, ila usikubali kulilipia kwa mkopo.

Idara ikikukubali, omba kuzungumza na wanafunzi wa mwaka wa nne au wa tano bila mwalimu kuwapo. Waulize posho hulipwa miezi mingapi kwa mwaka, kama miezi ya likizo ndefu ina malipo, bima ya afya inagharimu kiasi gani, ufadhili umehakikishwa kwa maandishi kwa miaka mingapi, na aliyeuzidi muda huo anaishije anapomalizia tasnifu. Waulize pia msimamizi unayemtaka hurudisha sura baada ya muda gani.