Naomba ushauri: Lustre inajaza /tmp kwa faili za uchunguzi, nizielekezeje sehemu moja tu?

Kijana_wa_Seva: Wakuu habari za muda huu. Nipo taasisi moja ya utafiti, tuna klasta ndogo (kompyuta kadhaa zilizounganishwa) inayotumia Lustre, mfumo wa faili unaogawanya data kwenye seva nyingi. Thredi ya huduma (kazi moja ndani ya seva) ikikwama muda mrefu, OSS, yaani seva inayotunza data, inamwaga logi ya uchunguzi kwenye /tmp, folda ya faili za muda, jina lustre-log, nukta, namba ya muda, nukta, namba ya prosesi. Hiyo /tmp ipo diski moja na mfumo wenyewe. Juzi imejaa hadi kuingia kwa ssh ikawa mbinde. Bosi anataka zisiandikwe popote isipokuwa sehemu moja inayojulikana, na kikao ni kesho asubuhi. Mwenye uzoefu anisaidie, matusi hapana.

Mzee_wa_Cron: Weka cron, ratiba ya kazi za kujiendesha, ifute chochote chenye umri wa zaidi ya saa sita. Imeisha hiyo. Kwanza Linux nyingi zinazotumia systemd zinafagia /tmp zenyewe, faili ikikaa siku 10 bila kuguswa inaondoka.

binti_kerneli: Hajauliza kufuta, ameuliza kuelekeza. Mkuu, kwa sasa hivi tumia `lctl set_param debug_path=/njia/unayotaka`. Ili ibaki hata baada ya kuwasha upya, weka kwenye faili ya modprobe, yenye mipangilio ya moduli za kerneli (kiini cha mfumo): `options libcfs libcfs_debug_file_path=/njia/unayotaka`. Angalizo: unachoandika pale ni mwanzo wa jina la faili, siyo folda. Ukiweka /var/log/lustre utakuta lustre.namba.namba zimezagaa humo humo /var/log. Na folda iwepo kabla, haitakutengenezea. Unataka ziende wapi?

Kijana_wa_Seva: Ubarikiwe dada. Sehemu ipo, ina nafasi ya kutosha, hilo lisiwape shida.

Chuma_Kutu: Hizo logi zenyewe utazisoma na nini? Ni za mfumo wa binari, usije ukazifungua na vi halafu ukarudi hapa kulia. `lctl debug_file` ndiyo inazigeuza maandishi. Ofisini kwetu jamaa alizituma kwa msaada wa kiufundi zikiwa zimebandikwa ndani ya Word. Tulimcheka hadi akahama idara.

binti_kerneli: Kijana, bado hujajibu. Wapi?

Kijana_wa_Seva: /scratch.

binti_kerneli: Na /scratch imekaa juu ya nini?

Kijana_wa_Seva: Ni hiyo hiyo Lustre. Lakini nisikilizeni kwanza kabla hamjaanza. Ndiyo sehemu pekee yenye nafasi ya maana, watafiti wote wanaiona, na bosi ameshakubali kwa mdomo. Waraka nimeshauandika. OSS nimeiwekea na klayenti, programu ya upande wa mtumiaji wa Lustre, ili nayo iione /scratch. Nimejaribu Ijumaa na faili imetokea, oss1 na namba zake, kwa macho yangu. Nilichoomba ni amri tu.

binti_kerneli: Amri nimekupa, sasa pokea na hili. Kerneli inakusanya ujumbe kwenye kumbukumbu, kikomo chake ndiyo `debug_mb`. Shida ikitokea inaumwaga kwenye faili. OSS ndiyo inayopokea data ya /scratch. Kwa hiyo wewe unaiambia seva iliyokwama iandike habari za kukwama kwake kwa kupitia mlango uleule uliokwama. Itangoja. Halafu klayenti juu ya OSS: RAM ikibana, klayenti anataka kusukuma data aliyoishikilia ili kupata nafasi, OSS nayo inahitaji RAM ili ipokee data hiyo. Kila mmoja anamsubiri mwenzake. Mwongozo wa Lustre wenyewe unakataza huo mpangilio.

Babu_Modemu: Shemeji yangu ana gesti. Akafunga kamera kila kona, kinasa akakiweka mapokezi chini ya kaunta. Mwizi akaja, akabeba simu, akabeba pesa, akabeba na kinasa. Polisi wanauliza video iko wapi, shemeji anawaonyesha waya.

Mama_Nidhamu: Tatizo la vijana wa IT ni kumpelekea bosi jambo kabla ya kuuliza. Waraka kwanza, ushauri baadaye.

Mzee_wa_Cron: Kama logi zinasumbua aweke NONE badala ya njia, isiandike kabisa. Kikao kinaisha dakika mbili.

Chuma_Kutu: Na siku ya ajali utamwonyesha bosi nini, waya?

Jicho_la_Tatu: Wakuu mnakunywa chai. OSS imekwama, data haiandikiki, halafu faili "imetokea kwa macho yangu" kwenye /scratch? Imetokaje? Na klasta ya Lustre Bongo hii, taasisi haitajwi. Huyu kasoma mahali, kaja kutupima.

Mgosi_Mtandao: Afrika ipo mbona. Lengau, kompyuta kuu ya pale Cape Town, inatumia Lustre.

Jicho_la_Tatu: Nimesema Bongo.

Kijana_wa_Seva: Chai kwa faida gani mkuu? Siwezi kutaja ofisi, nina familia. `ls -l` hii hapa: root root, ukubwa 0, tarehe ya Ijumaa, oss1 na namba zake.

Jicho_la_Tatu: Sifuri? Si nilisema.

binti_kerneli: Sifuri ndiyo inamtetea. Jina la faili linasajiliwa na MDS, seva nyingine ya majina ya faili, na MDS ilikuwa nzima. Objekti za upande wa OST (hifadhi zilizo chini ya OSS, data inapokaa) huwa zimetengwa mapema, kwa hiyo faili inazaliwa bila tatizo. Data ndiyo haikupita. Mtunga hadithi angeweka namba nono hapo.

Jicho_la_Tatu: Haya, nimekubali nusu.

Mgosi_Mtandao: Kijana, hapo ofisini mnaajiri? Nina diploma, naweza hata kubadilisha waya.

Kijana_wa_Seva: Sawa dada, nimeelewa. OSS naitoa klayenti, na nitaipa diski yake ndogo ya ndani, /var/uchunguzi/oss1, isishirikiane na mfumo. Bosi nitamwambia "maboresho". Ila zile mashine za watafiti nitaziacha ziandike /scratch kama waraka unavyosema, zenyewe si seva.

binti_kerneli: Na mashine ya mtafiti ikifukuzwa na seva, yaani ikikatwa kwenye Lustre, hapo ndipo logi inahitajika. Itaandikia /scratch ipi?