Tupeane uzoefu: CV yako ilikuangusha wapi, na ilikubeba wapi?

Mleta uzi
Wakuu, habari za jioni. Nina diploma ya uhasibu na huu ni mwaka wa tatu natafuta kazi. Maombi nimetuma hadi nimeacha kuhesabu, nimeitwa mara mbili tu. Juzi shemeji alipita nyumbani, yeye yuko kitengo cha rasilimali watu, nikamwekea CV mezani hata kabla ya ubwabwa. Kurasa nne. Ule wa kwanza wote ni dini, hali ya ndoa, shule ya msingi, na hobi zangu: kutazama mpira na kubadilishana mawazo. Akafunua, akafunua tena, akauliza, "Kwani wewe hujawahi kufanya kazi yoyote?"

Nimefanya! Fildi miezi miwili kwenye SACCOS ya walimu. Ilikuwa ukurasa wa tatu, mstari mmoja: "Fildi, SACCOS". Basi.

Tumekaa nayo hadi saa nne usiku. Sasa ni kurasa mbili, na fildi imepanda juu: "Nililinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi, nilifuatilia marejesho ya mikopo ya wanachama 120." Hiyo 120 nilikuwa nayo kichwani siku zote, sikujua kama kuna mtu anaitaka. Haya, na nyie mwageni yenu.

Wa pili
Mimi ni dereva. Kijana wa steshenari pale stendi alichukua CV ya mtu mwingine iliyokuwa kwenye kompyuta yake, akabadili jina na namba ya simu, nikampa buku mbili, nikaondoka. Sikuisoma. Kwenye usaili mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo lengo lako ni kuhudumia akina mama wajawazito?" Lengo la nesi wa watu lilibaki pale juu! Leseni daraja E na cheti cha VETA hata hawakufika huko.

Wa tatu
😂😂 Dereva pole.
Kwangu CV ilikuwa safi, viambatisho ndivyo vilivyoniponza. Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi za serikali, nilipandisha karatasi ya matokeo ya form four kwa sababu cheti kiko kwa mama kijijini. Tangazo limesema wazi wanataka cheti chenyewe. Sikusoma, kosa langu. Mara ya pili cheti kinasema Mariam, NIDA inasema Mariamu. Hiyo "u" moja ilinipeleka hadi kwa wakili.

Wa nne
Mimi konekisheni ndiyo CV yangu. Nawasikiliza tu.

Wa tano
Mimi napokea CV, nina duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka jana nilitafuta mtu wa stoo, zikaja bahasha hadi mezani hapatoshi. Mniamini, sianzi kusoma elimu. Natazama kama namba ya simu inapatikana, halafu nampigia mdhamini. Kuna kijana nilimpenda sana, nikampigia mdhamini wake wa kwanza, akasema, "Nani huyo? Nipe jina la baba yake." Wa pili alikuwa amefariki. Ndugu zangu, mtu ukimwandika mdhamini, mwambie! Mwambie na kazi unayoomba, asije akakusifia upishi.

Niliyemchukua alikuwa dada mmoja, hana cheti cha stoo. Aliandika: "Wakala wa fedha kwa simu miaka 4, nafunga hesabu kila jioni, kibanda changu mwenyewe." Wenzake wenye vibanda kama hivyo huandika hawana uzoefu. Mtu aliyeshika floti ya watu miaka minne hajui kuhesabu mifuko ya saruji?

Wa sita
Mkuu wa tano, na picha ya pasipoti tuweke?

Wa tano
Kwangu hapana, labda tangazo liseme. Mimi sitafuti mchumba.

Mleta uzi
Mkuu wa tano umenishtua. Nimempigia sasa hivi mwalimu wangu wa chuo, niliyemwandika mdhamini namba moja tangu mwaka nilipomaliza. Namba haipo.