Waandishi wa Sheila Carter wamemsahau mtoto aliyekufa

Wanajamvi, hamjambo. Ninaandika nikiwa na hasira ambayo haikuanza leo. Kwa wasiomfahamu, Sheila Carter ni mhusika aliyeingia katika tamthilia ya Marekani iitwayo The Young and the Restless mwaka 1990, akahamia The Bold and the Beautiful mwaka 1992, na mwigizaji Kimberlin Brown amekuwa akimrudisha kila tunapodhani kwamba safari hii amezikwa kweli.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Kisumu, na Sheila pia ni muuguzi, ndiyo maana kosa lake la mwanzo halijawahi kunitoka moyoni. Alimtamani daktari Scott Grainger, mume wa Lauren. Mimba yake mwenyewe ilipoharibika aliificha habari hiyo, na Lauren alipojifungua, Sheila akamwiba kichanga na kuweka mahali pake mtoto mwingine aliyenunuliwa kwa magendo. Mtoto huyo wa kununuliwa akafa kwa homa ya uti wa mgongo, naye Lauren akamlilia kama aliyetoka tumboni mwake. Katika wodi yetu mtoto hafungwi shuka kabla ya kufungwa utepe wenye jina la mamake, na nimewaona akina mama wakiamka saa nane za usiku wakiupapasa utepe huo gizani kabla hata hawajamgusa mtoto. Kwa hiyo ninajua uzito wa kisa hiki, na ninakiri kwamba kilitungwa kwa ustadi mkubwa.

Silalamikii uovu wa Sheila. Adui wa hadithi asipokuwa mwovu, hadithi yenyewe haisimami. Ninalalamika kwa sababu waandishi wameufanya uovu huo usiwe na gharama yoyote. Mwaka 2006 walimrudisha akiwa amefanyiwa upasuaji na kupewa sura ya Phyllis, mhusika mwingine wa The Young and the Restless, na mwaka 2007 Lauren akamuua. Mwaka 2017 akarudi na sura yake ya zamani. Mwaka 2022 alimpiga risasi Finn, mwanawe wa kumzaa, ambaye alijitupa mbele ili kumkinga mkewe Steffy, kisha akampiga na Steffy mwenyewe. Baada ya kutoroka gerezani akajikata kidole cha mguu ili watu waamini kwamba ameliwa na dubu. Nilikitazama kipande hicho kwenye simu sebuleni kwa dada yangu, mtaani Migosi, na watu wote wakacheka. Kicheko hicho kiliniuma, kwa sababu mwanamke aliyeiba kichanga cha mwenzake hakupaswa kamwe kugeuzwa kichekesho. Mwaka 2024 Steffy akamchoma kisu, tukaambiwa amekufa, hadi mpenzi wake Deacon alipoona kwamba maiti ina vidole kumi vya miguu. Kumbe aliyekufa ni Sugar, mwanamke aliyefanyiwa upasuaji ili afanane naye. Mwaka huohuo Sheila akafunga ndoa na Deacon.

Tena si yeye peke yake anayefufuka. Taylor, mamake Steffy, ambaye Sheila alimpiga risasi mwaka 2002 tukamwomboleza, alirudi mwaka 2005. Finn naye, tuliyedhani amekufa, alirudi, kwa kuwa mama aliyemlea, Li, alikuwa amemficha na kumtibu. Yule mtoto wa kununuliwa hakurudi. Mtoto wa Lauren alipatikana akiwa hai, jina lake likarudi kwa mamake, na hadithi ikaendelea na furaha ya Lauren kana kwamba kaburi lililochimbwa halikuwa na mtu ndani. Lakini alikuwemo mtu, na yupo mwanamke aliyembeba miezi tisa. Je, alimuuza kwa shida? Aliibiwa? Aliwahi kuambiwa kwamba mwanawe alizikwa kwa jina la ukoo wa watu wengine? Waandishi waliopata nafasi ya kutunga dubu na maiti ya kufananishwa wangeweza kumtafutia mama huyo angalau jioni moja, aje asimame mbele ya Sheila na kumuuliza.

Nawaomba mliofuatilia tangu mwanzo: kama kuna sehemu yoyote ambayo mama yule alipewa nafasi ya kusema, niambieni ni ipi, nami nitaitafuta niitazame.