Utalii wa baskeli na picha Pemba: tumeuziwa alfajiri, tukapewa jua la saa 6 mchana

Asalaam aleykum wanajamvi. Naandika nikiwa na hasira na sizifichi, maana pesa zimetutoka na waliozichukua sasa hawapokei simu. Jina la kampuni silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua.

Tangazo lao lilikuwa tamu: siku 4 Pemba kwa baskeli, kupiga picha mashamba ya mikarafuu, mabonde ya mpunga, Msitu wa Ngezi na mnara wa taa wa Kigomasha, "katika mwanga wa alfajiri na magharibi". Hayo ni maneno yao, picha ya tangazo ninayo. Tukalipa laki tatu na nusu kila mtu, malazi mbali.

Kwa asiyejua mambo ya picha za mandhari: hapa tunauza na kununua mwanga tu. Kwetu huku karibu na ikweta jua linachomoza baina ya saa 12 na saa 12 na nusu, mwaka mzima haliendi mbali na hapo, na likishatoka linapanda mbio. Una kama saa moja hivi ambayo vivuli vya minazi vinalala virefu juu ya mpunga na ukungu bado umo bondeni. Ikifika saa 3 umebaki na makombo. Saa 6 jua liko utosini, bonde zima bapa, mbingu nyeupe, na ukimpiga mtu picha macho yake yanatoka mashimo mawili meusi. Jioni ni vivyo hivyo, na giza letu halibishi hodi.

Sasa sikilizeni ratiba yao. Chai saa 2. Kuondoka saa 3 na nusu. Namuuliza muongozaji, ananijibu, "Kaka, dereva wa gari ya mizigo anatokea mbali." Haya, mwanga wa kisiwa kizima unamsubiri dereva! Tukasema basi tutatoka wenyewe alfajiri, gari itatukuta njiani. Tukakuta baskeli zimefungiwa stoo na mwenye ufunguo kalala kwao.

Na hizo baskeli, jamani. Pemba si Paje, ile pwani tambarare ya Unguja. Ukitoka Chake kwenda Wete kwa njia ya zamani ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, ndiyo uzuri wake, kila kilima kina bonde lake la kupiga picha. Lakini unahitaji gea. Yangu ilikuwa nazo, zilikuwa pambo. Mnyororo ulikwama kwenye gea nzito na haukutoka hapo. Breki ya nyuma mpira umekwisha wote, kimebaki chuma kinakwaruza rimu, kila mteremko wanakijiji wanasikia tunakuja kabla hawajatuona. Walituahidi sanduku la kamera lenye sponji. Tukapewa kreti la soda limefungwa kwa kamba ya mpira kwenye keria. Lensi ya mwenzangu imelegea skrubu kwa mtikisiko, sasa inagonga ndani ukiitingisha. Nani analipa hiyo?

Pancha ilipotupata, hakuna pampu wala kiraka. Aliyetuokoa ni fundi mmoja chini ya mwembe: beseni la maji, msasa, solusheni, kazi imekwisha, na akataka pesa kidogo mpaka nikaona haya. Huduma bora ya safari nzima ilitoka kwa mtu asiyekuwa kwenye mkataba.

Kidike, kwenye hifadhi ya popo, ndiko nilikokasirika hasa. Wale popo wakubwa hawako kokote duniani ila Pemba. Mchana wananing'inia kwenye miti wamelala, jioni ndiyo wanaruka kwenda kula. Sisi tukapelekwa adhuhuri, kisha muongozaji akaanza kupiga makofi na kupiga kelele ili waruke "mpate picha". Nilimwambia aache. Mnyama kalala, unamwamsha juani kwa sababu ofisi yako imeshindwa kupanga saa 12 ya jioni?

Halafu adabu. Tumepita pahala karafuu zimeanikwa uani, jamvi zima, nyingine bado zina wekundu, nyingine zimeshakuwa kahawia, harufu inakufikia kabla hujashuka kwenye baskeli. Bibi mmoja anazigeuza kwa mkono. Mtu unashuka, unatoa shikamoo, unakaa kidogo, unaomba. Yule kijana muongozaji akapaza sauti kutoka barabarani, "Bibi, inua jamvi wageni wakupige!" Bibi akamtazama, akamuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Hakuwa na jibu. Sisi tukateremka, tukaomba radhi, tukaondoka bila picha, na ilikuwa haki yetu kuondoka hivyo.

Ijumaa wametupangia "maisha ya soko Wete" saa 7 mchana. Ijumaa! Saa 7! Watu wako msikitini, sisi tunapiga picha meza tupu na paka. Aliyeandika ratiba ile nadhani Pemba ameiona kwenye ramani.

Ngezi tulipita kama tumefukuzwa. Kigomasha, ambako jua linazama baharini upande wa Mfereji wa Pemba na ndipo hasa pa kungojea magharibi, tukafika saa 8, saa 9 tukaamriwa tugeuze kwa sababu dereva hataki kuendesha usiku.

Tumedai turejeshewe nusu pamoja na gharama ya kutengeneza lensi. Jibu lilikuja moja tu, eti "mandhari mliiona". Ndiyo, tuliiona, kwa kukunja uso. Malalamiko tunayapeleka Kamisheni ya Utalii, risiti na tangazo vyote vipo.

Ninachoomba kwenu ni mambo mawili. Aliyewahi kudai pesa kwa kampuni ya matembezi akalipwa, aeleze alipitia njia gani. Na mwenye kujua baskeli za kukodi Wete au Konde, gea zinaingia na breki zinashika, aweke hapa, safari nyingine tunajipangia wenyewe na tunalala karibu na bonde.

Na wewe wa ofisini unayenitumia ujumbe usiku nifute uzi: sifuti. Rudisha pesa kwanza.