Naomba ushauri: mwerebi (mti wa willow) uliokauka kando ya kijito

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naishi Somerset, Uingereza. Nyuma ya nyumba, kando ya kijito, kuna mwerebi mkubwa umekauka wote. Gome linabanduka kwa mkono, ndani mbawakawa tele, na asubuhi kigong'ota anaugonga hadi namsikia jikoni. Juzi jioni niliona popo wakitoka tunduni, na sheria ya hapa inalinda makazi yao.

Mume wangu anataka tuukate, tawi lisije likamwangukia mtoto. Mimi roho inaniuma. Tukipunguza matawi tukaacha shina la mita 3, litasimama miaka mingapi, maana mbao zake laini? Na nikichomeka vijiti vibichi vya mwerebi topeni, vitawahi kushika ukingo kabla mizizi ya zamani haijaoza?